Saa nane ya vidole

Saa moja na nusu asubuhi. Ukungu bado umelalia mapaa ya Kasulu, na katika yadi ya malori iliyo nyuma ya soko wanaume wazima wameketi juu ya matairi chakavu kama watoto wa darasa la kwanza. Mbele yao amesimama mwanamke mfupi aliyefunga kitenge juu ya suruali. Ameinua mikono yote miwili, dole gumba la kila mkono amelikunja.

"Hii ni nini?" anauliza.

"Nane!"

"Nane ya wapi?"

"Ya vidole!"

Anageuka na kuonyesha saa kubwa iliyotundikwa juu ya mlango wa ofisi. "Na ile?"

"Ya ukutani!"

"Dereva inakuhusu ipi?"

"Ya vidole!"

"Na ya ukutani inamhusu nani?"

"Bosi!" anajibu mmoja wa nyuma, na yadi nzima inaangua kicheko. Dirishani mwa ofisi, bosi mwenyewe anakohoa kwa nguvu ili ijulikane kwamba amesikia.

Mwanamke huyo ni Generosa Leonidasi, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Kitanga. Kazi yake ni kuwafundisha madereva wa malori muda wa kufanya kazi na muda wa kupumzika. Kila somo hufunguliwa kwa sala na dua, kwa sababu kwenye matairi yale wapo Wakatoliki, Waislamu, Wapentekoste na mmoja anayesema yeye yupo popote penye chai.

Kanuni anayoifundisha ni fupi, ingetosha kuandikwa kwenye kiganja. Dereva asikae kwenye usukani zaidi ya saa nane kwa siku, na kila baada ya saa nne apumzike walau nusu saa.

Madereva wa yadi hii waliielewa mara ya kwanza tu walipoisikia. Taabu yote ilianzia hapo.

Kabla ya kuitwa mwalimu, Generosa alikuwa mjazaji wa mafuta katika kituo kimoja hapa mjini. Kwa miaka tisa alisimama kwenye pampu, na anasema hakuna mtu anayewajua madereva kama mjazaji wa mafuta, kwa kuwa huwaona wakiwa wamesimama.

"Anakuja mtu katoka mbali, anasema jaza tangi. Nikigeuka, kalala," anasimulia. "Nagonga kioo: kaka, kaka, hela! Anashtuka, anakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Na gari alishaizima zamani."

Wengi walimchekesha. Mmoja hakumchekesha kwa muda mrefu. Alikuwa ametoka Kahama na mzigo wa saruji, akasinzia pampuni, na alipoamshwa aliuliza hapo ni wapi.

"Nikamwambia hapa Kasulu, kaka. Akanitazama, akasema, 'Kasulu? Kibondo nimeipita saa ngapi?' Mji mzima, jamani! Watu, mbuzi, bodaboda, wote kawapita hajui. Nilicheka pale pampuni. Usiku nikiwa kitandani nikaacha kucheka."

Tangu siku hiyo, asema, alianza kumwomba Mungu amwonyeshe la kufanya. Jibu lilikuja kwa njia ya tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa parokia: masomo ya jioni kwa watu wazima. Generosa, aliyekuwa ameishia darasa la saba, alijiandikisha. Alitoka pampuni na harufu ya dizeli, akaketi dawati moja na vijana wa rika la mwanawe.

"Mwalimu akiita majina, wenzangu walikuwa Japhet, Elieth, fulani na fulani. Mimi alikuwa ananiita Mama. Nikikosea hesabu, anasema, 'Mama, samahani, umekosa.'"

Alimaliza kidato cha nne, akaenda kusomea usalama barabarani, akarudi Kasulu na cheti. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kumpa darasa.

Mtu huyo ni Mzee Gharibu, mwenye malori na duka la jumla. Wazazi wake walitoka Pangani, na ingawa yeye amezaliwa hapahapa milimani, Kiswahili chake amekitunza kama kanzu ya Idi: kimefuliwa, kimenyooshwa pasi, hakiguswi na mtu mwenye mikono michafu.

Mzee Gharibu hakuwa na haja na mwalimu. Haja yake ilikuwa vioo. Kila wiki lori lake moja au jingine lilirudi halina kioo cha pembeni, na dereva akiulizwa anasema mti ulimfuata. Akampa Generosa mwezi mmoja wa majaribio. Akifaulu, ataajiriwa, na wenye malori wa Kibondo wako tayari kumfuata Mzee Gharibu katika hilo. Akishindwa, aende zake kwa amani, na madereva warudie desturi ya zamani ya kutafuna kahawa na kufumbua macho kwa nguvu.

Generosa alikubali. Nafasi yake ya pampuni ilipata mtu kabla hajafika getini. Nyumbani ana watoto wawili wa sekondari na mama mzee kule Kitanga.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya ubao, akaomba kimoyomoyo, akaandika kwa herufi kubwa: MASAA MANANE.

Mzee Gharibu alikuwa mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "saa haina ma. Ni saa moja, saa mbili, saa nane. Hakuna masaa."

"Lakini Mzee, kila mtu anasema masaa."

"Kila mtu wa wapi? Hicho ni Kiha mmekivalisha kanzu." Akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akafuta MA ya kwanza, akafuta MA ya pili, akarudi kwenye hesabu zake ameridhika.

Na kweli, kwa Kiha wanasema *amasaha*, na Waha wengi waliokuwa wameketi pale hawakuwa wameona kosa. Lakini bosi ni bosi, na Kiswahili sanifu ni chake. Generosa alisahihisha ubao: saa nane, saa nne. Akasoma kwa sauti.

Dereva mkubwa kuliko wote, Pasikali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo baada ya saa nne napumzika nusu saa?"

"Ndiyo, baba."

"Nakunywa na chai?"

"Hata chai."

"Na saa nane ndiyo mwisho?"

"Mwisho kabisa. Hata bosi akikulazimisha."

Madereva wakatazamana. Chai baada ya saa nne asubuhi, kazi kwisha saa nane mchana! Kijana aitwaye Castory, dereva wa Fuso, akamnong'oneza mwenzake: "Tumekuwa watu wa ofisini." Mwingine akauliza kama Jumamosi nayo ni nusu siku. Wakampigia mwalimu makofi.

"Nilitoka pale namshukuru Mungu," Generosa anasema, akifunika uso kwa mkono. "Nikasema, kumbe watu wanapenda sheria hivi!"

Jumamosi iliyofuata Castory alipewa mzigo wa harusi kwenda Kibondo: viti vya plastiki, mahema, na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Upakiaji ulichelewa. Aliondoka Kasulu saa sita kasorobo, barabara ikamwendea vizuri, na minara ya simu ya Kibondo ikaanza kuonekana mbele yake. Akatazama saa. Ilikuwa saa nane kamili.

Castory ni kijana mwenye nidhamu. Aliegesha pembeni, akakata matawi akayaweka nyuma na mbele ya gari, akatandika turubai chini ya bodi, akalala.

"Spika za harusi nilikuwa nazisikia," anakiri. "MC alikuwa anajaribu, moja mbili, moja mbili. Nikasema, ningefika. Lakini sheria ni sheria."

Huko harusini, baba wa bibi harusi alimpigia simu Mzee Gharibu kumwambia kwamba wageni wamesimama kama wako mazishini. Mzee Gharibu akampigia Castory. Mazungumzo yao yamekaririwa yadi nzima, na madereva huigiza kila wanapopata mgeni.

"Castory, uko wapi?"

"Nimepumzika, bosi."

"Inna lillahi! Umepata ajali?"

"Hapana, bosi. Nimepumzika kisheria."

"Sheria gani? Si umeondoka hapa mchana huuhuu?"

"Ndiyo, bosi. Na mwisho ni saa nane. Nimezidisha dakika mbili za kuegesha, naomba unisamehe."

"Ewe kijana! Mwalimu alisema saa nane, siyo saa nane!"

"Bosi, rudia hapo."

"Saa nane! Siyo saa nane!"

"Bosi," Castory akasema kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "labda na wewe upumzike kidogo."

Ilibidi apigiwe Generosa, naye ampigie Castory, ampe ruhusa ya kuendelea. Viti vilifika wageni wakiwa wanalamba vidole. Bibi harusi alikuwa ameketi juu ya kreti la soda lililofunikwa khanga, na inasemekana kwenye picha ameonekana mrefu kuliko bwana harusi.

Jumatatu Generosa aliitwa ofisini. Alisali kutoka nyumbani hadi getini, na getini akaongeza.

"Mwezi haujaisha," Mzee Gharibu akamwambia, "lakini mimi nimeisha."

Leso ilikuwa mezani, bado ina chaki. Generosa aliitazama, Mzee Gharibu naye akaitazama, na hakuna aliyeitaja.

"Mzee," akasema Generosa, "niruhusu niandike masaa. Mara moja tu."

"Bora malori yote yaote nyasi hapo nje!"

Pasikali, aliyekuwa amekuja kuchukua funguo, akajaribu kusaidia. "Lakini bosi, hata hiyo ina matatizo. Ukiniambia masaa manane, mimi nasikia usiku wa manane. Nitaendesha mpaka majogoo."

"Umeona!" Mzee Gharibu akapiga meza, kana kwamba ameshinda kesi. Kisha akamgeukia mwalimu. "Tafuta njia yako. Mwezi ukiisha tutazungumza. Ila kosa jingine moja, Mwalimu, moja tu, darasa nalifunga."

Siku tatu Generosa hakula vizuri. Alikuwa ameacha kazi, amesoma kwa taabu, na sasa neno moja lilitaka kumrudisha getini. Siku ya nne alikuwa kanisani, katika sala ya jioni, ameinua mikono.

"Nilifumbua macho kabla ya Amina. Mungu anisamehe," anasema. "Nikaona vidole vyangu. Nikasema, ee Bwana, si hivi hapa! Kuna nane ya kutazama na nane ya kuhesabu. Ya kutazama iko ukutani. Ya kuhesabu nimekuja nayo mwenyewe."

Aliwafundisha: kila ukimaliza saa nzima kwenye usukani, unakunja kidole kimoja. Vikikunjwa vinne, simama upumzike. Vikikunjwa vinane, siku yako imekwisha.

Wiki hiyohiyo Pasikali alirudi kutoka Mabamba akiwa anatikisa mikono.

"Mwalimu, nikifika saa ya nne, mkono mmoja mzima umekunjwa. Usukani naushika kwa dole gumba!"

"Yesu wangu! Baba, ulikuwa unavikunja muda wote?"

"Si umesema nikunje? Nikivikunjua, hesabu si inapotea?"

Generosa hakungoja jambo hilo lifike ofisini. Alichukua tyubu mbovu ya baiskeli, akaikata pete nyembamba nane nane, akamgawia kila dereva. Pete zinakaa kwenye fimbo ya kizuia jua kilicho juu ya kioo cha mbele, upande wa kushoto; kila saa ya kuendesha ikitimia, dereva akipata mahali pazuri pa kusimama anahamisha moja kwenda upande wa kulia. Madereva wakaziita vidole. Sasa barabara nzima ya Kasulu hadi Kibondo imezoea kusikia mtu akisema kwa sauti kubwa kwamba amebakiza vidole viwili. Mama mmoja muuza mihogo ya kuchemsha alimpa Castory mihogo ya bure kwa kumhurumia, mpaka alipoiona mikono yake.

Ikabaki wiki ya mwisho ya majaribio, na Castory akatumwa Kahama kuchukua mabati. Alilala huko, akaanza safari ya kurudi asubuhi. Mchana, Mzee Gharibu akapokea simu kutoka Kibondo. Alikuwa yuleyule baba wa bibi harusi.

"Gharibu, kijana wako kalala tena! Hapa barabarani! Chini ya gari!"

Waliokuwa yadini wanasema Mzee Gharibu alitoka ofisini na simu mkononi na uso wa mtu anayekwenda kufunga darasa. Generosa alikuwa pale, anakata pete. Akaweka mkasi chini.

"Castory! Umebakiza vidole vingapi?"

Mtandao ulikuwa mbaya. "Nini, bosi? Vidole vya nani?"

"Umeendesha saa ngapi?"

"Sasa hivi ni saa saba na nusu, bosi."

"Sikuulizi saa ngapi! Nakuuliza saa ngapi!"

"Saa saba na nusu, bosi!"

Mzee Gharibu akatazama juu, akatazama chini, akatazama saa ya ukutani iliyokuwa haina msaada wowote. Kisha, mbele ya madereva, fundi wa matairi na mwalimu wake, mtoto wa watu wa Pangani akapiga kelele iliyofika sokoni:

"MASAA, Castory! MASAA MANGAPI?"

Kutoka ndani ya simu sauti ikaja safi kama ya mtu aliye chumba cha pili:

"Ah! Masaa manne, bosi. Vidole vinne nimehamisha, vinne vimebaki. Napumzika nusu saa yangu, halafu naja."

Mzee Gharibu akashusha simu taratibu. Alihesabu kwa midomo: kijana aliondoka Kahama saa tatu na nusu. Akahesabu tena. Ilikuwa sahihi.

"Kiha kimevaa kanzu," Pasikali akasema kutoka kwenye tairi lake.

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Mzee Gharibu alipoanza yeye.

Castory aliingia Kasulu jioni na mabati yote na vioo vyake vyote viwili. Generosa anasema hakuvitazama vioo kwanza. Alimtazama dereva machoni, kama alivyokuwa akiwatazama pale pampuni, akamuuliza Kibondo ameipita saa ngapi.

"Akanitajia mpaka rangi ya mbuzi aliowaona," anasema. "Ndiyo niliyokuwa nikiiomba hiyo."

Aliajiriwa mwisho wa mwezi. Kwenye pampu alikuwa akipata shilingi laki moja na nusu. Sasa anapata karibu mara mbili ya hiyo. Ushahidi wa kazi yake anao Firdausi, mwenye duka la vipuri mkabala na yadi, ambaye rafu yake ya vioo vya pembeni imeanza kushika vumbi.

"Mwalimu umeniharibia soko," Firdausi humtania kila akipita.

"Uza mito, dada," Generosa humjibu. "Sasa hivi wanalala."

Mpango wake ni kuanza darasa la Kibondo wiki hii, kwa madereva wa wenye malori wengine, na baadaye afike Kagerankanda, ambako magari ya mazao hupakia msimu wa mavuno. Angependa pia siku moja wake wa madereva waje wakae kwenye matairi hayo, kwa sababu, anasema, dereva anaweza kumdanganya bosi kuhusu usingizi wake lakini mkewe anamjua anavyokoroma.

"Kwa Mungu naomba jambo dogo tu," anasema. "Hawa watu wakilala, walale vitandani."

Somo la leo limekwisha. Madereva wanainuka, wanapangusa suruali. Mzee Gharibu anatoka ofisini na funguo mkononi.

"Mwalimu, kesho utakwenda na Castory. Lile darasa la Kibondo ni saa mbili."

Generosa anajaribu kutotabasamu. "Linaanza saa mbili, Mzee, au linachukua saa mbili?"

Mzee Gharibu anaitazama saa ya ukutani. Anawatazama madereva, ambao ghafla hakuna hata mmoja mwenye haraka ya kuondoka.

"Masaa," anasema polepole, kama mtu anayemeza kwinini. "Masaa mawili."

"Amina!" wanaitikia wote, Wakatoliki, Waislamu, Wapentekoste na yule wa chai.